Sumu ya Jikoni Inapofika Moyoni

Akina mama wapendwa, tukisikia kwamba mtu amekunywa sumu, wengi wetu hufikiria tumbo. Tunasema, "Tumbo litamchafuka, atatapika, yatakwisha." Mawazo hayo ndiyo yanayotufanya tukimbilie kutafuta maziwa badala ya kutafuta gari. Lakini sumu haikai mahali ilipoingilia. Nyingine huingia katika damu kwa dakika chache, na damu yote ya mwili lazima ipite moyoni. Mtoto aliyekunywa dawa ya wadudu, au aliyemeza vidonge vya bibi yake, anaweza kufariki tumbo lake likiwa halina hata jeraha moja, kwa sababu moyo wake ndio ulioshindwa.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na kuhudumu katika idara ya akina mama kanisani tumeona vyema tulizungumze jambo hili kwa upana. Hatutaki kutia hofu. Tunataka kila mama ajue mambo matatu: ni vitu gani vya nyumbani vinavyoweza kuudhuru moyo, afanye nini katika dakika za kwanza, na apange nyumba yake vipi ili dakika hizo zisifike kabisa.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, tunasoma habari za wana wa manabii kule Gilgali wakati wa njaa. Mmoja wao alikwenda shambani, akaokota matango ya porini, akayakatakata na kuyatia chunguni kwa sababu hakuyajua. Mtu yule hakuwa mwovu. Alikuwa akitafutia wenzake chakula. Hatari ilitokana na kitu kisichojulikana kuwekwa mahali pa chakula. Hadi leo ndivyo sumu inavyoingia nyumbani mwetu: kitu kisicho chakula huwekwa ndani ya chombo cha chakula, na asiyejua hukinywa.

MOYO UNAVYOFANYA KAZI

Moyo ni msuli unaosukuma damu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wa mtoto wa mwaka mmoja au miwili huenda kasi zaidi, kiasi cha mara 100 hadi 140. Ili upige vizuri unahitaji vitu vinne. Kwanza ni hewa safi ya oksijeni kutoka mapafuni. Pili ni damu na maji ya kutosha katika mishipa. Tatu ni mishipa ya fahamu inayouambia uongeze au upunguze mwendo. Nne ni chumvi za mwilini kama kalsiamu na potasiamu, ambazo hufanya ule umeme mdogo wa moyo upite bila kukatika.

Sumu ya nyumbani inaweza kuharibu kimojawapo cha vitu hivyo vinne, au kuujeruhi msuli wenyewe wa moyo. Tukielewa hivyo, tutaelewa pia kwa nini dawa moja ya kienyeji haiwezi kutibu sumu zote. Mafuta ya taa hayafanyi kazi kama kostiki soda, na kostiki soda haifanyi kazi kama dawa ya mende.

MAFUTA YA TAA, PETROLI NA TINA

Mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji na huteleza upesi. Mtoto akiyanywa hupaliwa, na kiasi kidogo huingia katika njia ya hewa. Huko husambaa mapafuni na kuyaunguza. Sehemu kubwa ya hatari ya mafuta ya taa iko mapafuni, wala si tumboni. Mapafu yakishindwa kutoa oksijeni, moyo huanza kwenda mbio ili kufidia upungufu, kisha huchoka, hupunguza mwendo, na mwisho husimama. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe hata kidogo. Kila anapotapika, mafuta hupita tena mlangoni pa mapafu.

Dalili zake ni kukohoa, kupaliwa, kupumua haraka, mbavu kuingia ndani wakati wa kupumua, homa na kulegea. Kwa kawaida dalili hizi hujitokeza ndani ya saa sita za kwanza. Mtoto anayecheza vizuri nusu saa baada ya kunywa bado hajavuka hatari. Apelekwe akaangaliwe.

Petroli, tina ya kuchanganyia rangi na gundi za viatu zina jambo jingine tena. Mvuke wake hufanya moyo uwe mwepesi wa kushtuka. Mtu aliyeuvuta kwa wingi akitishwa, akikimbizwa au akipigwa, mwili hutoa ile kemikali ya woga iitwayo adrenalini, na moyo uliokwisha kulewa mvuke unaweza kupiga ovyo na kusimama papo hapo. Kwa hiyo, mama, ukimkuta kijana wako anavuta gundi au petroli, usimrukie kwa fimbo. Mtoe nje penye hewa, mkalishe, zungumza naye kwa upole. Maonyo yatafuata baadaye akiwa hai.

KOSTIKI SODA, DAWA YA KUZIBUA SINKI NA MAJI YA BETRI

Hapa tunagusa kazi za mikono yetu. Vikundi vingi vya akina mama wa kanisa hutengeneza sabuni ili kulipa ada za shule na kusaidia wajane. Ni kazi njema. Lakini sabuni ya mche haitengenezwi bila kostiki soda, na kostiki soda ikiwa kavu hufanana na chumvi au sukari, ikiyeyushwa hufanana na maji. Mara nyingi huhifadhiwa jikoni, kwa sababu ndiko sabuni inakochemshiwa.

Kostiki soda huyeyusha nyama ya mwili inayoigusa na huendelea kupenya ndani. Njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo huitwa umio, hupita nyuma kabisa ya moyo. Umio ukiungua hadi kutoboka, uchafu humwagika kifuani, na uambukizo huzuka pale pale moyo ulipo. Hata usipotoboka, jeraha kubwa hupoteza maji na damu. Shinikizo la damu hushuka, mikono na miguu huwa baridi, mapigo huwa ya haraka na dhaifu. Hali hiyo sisi wauguzi huiogopa sana, maana moyo hauna cha kusukuma.

Tena tusidanganywe na mdomo ulio mzima. Mtoto anaweza kuwa hana kidonda midomoni huku umio wake umeungua. Ukiona anadondosha mate na hawezi kuyameza, anakataa kunywa, sauti imekauka au analia akishika kifua, hiyo ni hatari. Na waliopona wanaweza kupata taabu wiki chache baadaye, kovu linapokaza na umio kuwa mwembamba. Wako watoto wasioweza kumeza ila uji mwepesi. Baada ya miaka mingi, sehemu iliyoungua ina uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani. Kwa hiyo asiache kurudi kliniki kwa sababu tu anaonekana amepona.

Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, akina mama walitumia kemikali hiyo hiyo kwa kusafishia nyumba na kutengenezea sabuni, na watoto waliilamba wakidhani ni sukari. Daktari mmoja wa koo wa Philadelphia, Chevalier Jackson, alitibu watoto wengi ambao umio wao ulikuwa umeziba. Hakuridhika kutibu tu. Alisafiri huku na huku akiwaeleza watu na viongozi, hadi mwaka 1927 ilipopitishwa sheria ya nchi nzima kwamba kemikali za namna hiyo zisiuzwe bila maandishi ya kuonya kuwa ni sumu. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kopo ilionekana kuwa ya thamani kiasi cha kupiganiwa. Je, makopo ya kikundi chetu yana karatasi hiyo?

Maji ya betri na baadhi ya dawa za choo ni asidi, nazo huunguza vilevile. Kuna pia dawa za kuondoa kutu na za kung'arisha magurudumu ya magari ambazo zina asidi iitwayo haidrofloriki. Hiyo hunyakua kalsiamu ya damu, na moyo usipokuwa na kalsiamu ya kutosha umeme wake huvurugika. Kidonda cha nje kinaweza kuonekana kidogo tu. Kama mumeo au kijana wako anaosha magari na huleta dawa hizo nyumbani, mwombe aziache kazini.

Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ambayo wengi wetu huiita jiki, ikiwa ni ya kawaida ya nyumbani na mtoto ameonja kidogo tu, mara nyingi huishia kuwasha mdomo na kutapika. Hata hivyo apelekwe zahanati akapimwe, hasa kama amekunywa mafunda kadhaa au dawa yenyewe ni ile kali ya kupimiwa dukani. Na kamwe tusiichanganye na dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu.

DAWA ZA WADUDU NA ZA KUHIFADHI NAFAKA

Dawa nyingi za kupulizia mazao, pamoja na baadhi ya zile za mende na kupe zinazopimwa mitaani katika vichupa visivyo na jina, hushambulia mishipa ya fahamu. Mwili huwa kama mabomba yote yamefunguliwa. Mate yanatiririka, machozi yanatoka, jasho linamwagika, mgonjwa anatapika, anaharisha na kujikojolea. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza, kifua kinajaa makohozi. Na moyo unaamriwa upunguze mwendo, unapunguza, mpaka karibu usimame. Wengine huanza kwa mapigo ya haraka, kwa hiyo tusingoje kuona mapigo ya polepole ndipo tuamini.

Sumu hii ina dawa hospitalini. Iko sindano iitwayo atropini ambayo hukausha makohozi na kuuamsha moyo, nayo hurudiwa mara nyingi hadi kifua kiwe kikavu. Lakini ifahamike kwamba mgonjwa aliyeonekana kupata nafuu anaweza kuishiwa nguvu za kupumua kati ya siku ya kwanza na ya nne. Ndiyo maana daktari hukataa kumruhusu mapema. Ndugu wasimtoe hospitali kwa kuwa amekaa kitandani na kuomba chai.

Sumu hii hupita pia kwenye ngozi na nguo. Anayemsaidia mgonjwa avae glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama hana glavu. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi.

Vidonge vya kuhifadhia mahindi, vile vinavyotoa gesi, tunavitaja peke yake. Vikipata unyevunyevu, hata ule wa hewa tu, hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo huzuia seli za mwili kutumia oksijeni, na msuli wa moyo huumia upesi sana. Si lazima mtu avimeze. Familia iliyolala chumba kimoja na magunia yaliyowekwa vidonge hivyo inaweza kudhurika usingizini. Nafaka iliyotiwa vidonge isiwekwe kabisa katika nyumba wanamolala watu, wala vidonge vilivyobaki visiwekwe chini ya kitanda. Kazi hiyo ifanywe na mtu aliyefundishwa, katika ghala la mbali.

DAWA ZETU WENYEWE

Sumu nyingine tumepewa na daktari, tena kwa wema. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito ni vya madini ya chuma, na vingine vina rangi nzuri kama peremende. Mtoto wa miaka miwili akimeza vingi, hutapika na kuharisha, pengine damu. Kisha anatulia kwa saa kadhaa, wazazi wanamshukuru Mungu na kulala. Wakati huo chuma kinaingia katika ini na moyo, na baadaye mtoto anaanguka ghafla. Utulivu ule unadanganya. Mtoto aliyemeza vidonge vya chuma apelekwe hospitali hata kama ameshacheka.

Vidonge vya moyo vya bibi, vya shinikizo la damu, vya kisukari, na baadhi ya dawa za usingizi na huzuni ni hatari kwa mtoto hata vikiwa vichache. Dawa ya moyo iitwayo digoksini hutokana na mmea, na tangu mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alipoandika juu ya mmea wa namna hiyo, alionya kwamba unaotibu moyo ndio huo huo unaoudhuru ukizidi. Bibi anapokuja kututembelea kutoka kijijini, tumpokee mkoba wake kwa heshima na kuuweka juu, maana humo ndimo dawa zake zilimo.

TUSIYOPASWA KUFANYA

Mengi tunayoyafanya kwa upendo huongeza madhara. Tuyaache haya:

Tusimtapishe mgonjwa kwa kumtia vidole kooni, wala kwa mayai mabichi, mkojo au maji ya sabuni. Kostiki iliyochoma ikishuka itachoma tena ikipanda, na mafuta ya taa yataingia mapafuni.

Tusimpe maji ya chumvi. Chumvi nyingi kwa mtoto mdogo ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Huvuruga ubongo na kuleta degedege.

Tusimpe mafuta ya kula wala maziwa tukidhani yanaua sumu. Maziwa hayaui sumu. Yakijaza tumbo huleta kutapika, na yakipita njia ya hewa humziba.

Tusimpe ndimu au siki kwa aliyekunywa kostiki, wala magadi kwa aliyekunywa asidi. Vikikutana tumboni huzalisha joto na gesi.

Tusimpe mkaa wa jikoni wala majivu. Mkaa unaotumika hospitalini umetengenezwa kwa namna yake, nao hautumiki kwa kila sumu. Haufai kwa mafuta ya taa, kwa kostiki wala kwa vidonge vya chuma.

TUNAYOPASWA KUFANYA

Mwondoe mgonjwa mahali penye sumu. Kama ni mvuke, mpeleke nje. Toa mabaki mdomoni kwa kitambaa na, kama ana fahamu na anaweza kutema, asukutue kwa maji na kutema. Macho yaliyorushiwa dawa yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

Kama amelegea lakini anapumua, mlaze ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kidogo, ili matapishi yatoke nje. Usimpe kitu chochote kwa mdomo.

Kama hapumui na haitikii, mlaze chali mahali pagumu na kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto mkono mmoja watosha, na kifua kibonyee kiasi cha theluthi moja ya unene wake. Aliyefundishwa ampulizie pumzi 2 kila baada ya kukandamiza mara 30, akifuta kwanza midomo. Kama sumu ni dawa ya wadudu au kostiki, usiweke mdomo wako kwenye mdomo wa mgonjwa bila kizuizi, bali endelea kukandamiza kifua. Wengine watafute gari wakati huo huo.

Chukua chupa, kopo au karatasi ya dawa na uende nayo. Kama ametapika, kumbuka rangi na harufu. Angalia saa. Muuguzi atauliza maswali manne: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na amepewa nini nyumbani. Mama anayeweza kujibu maswali hayo amekwisha kutusaidia nusu ya kazi.

Hospitalini usishangae ukiona hatukimbilii kumwosha tumbo. Kwa mafuta ya taa na kostiki, mpira wa tumbo unaweza kuleta madhara zaidi. Tutampa oksijeni, tutamwekea dripu, tutahesabu mapigo, na penye kipimo cha umeme wa moyo tutabandika nyaya kifuani ili kuona jinsi moyo unavyopiga. Pengine tutamtazama tu kwa saa nyingi. Kutazama huko ni matibabu.

UKWELI NDIO DAWA YA KWANZA

Sasa tuseme jambo linalotuumiza zaidi. Mara nyingi mama hufika na mtoto anayepumua kwa shida, naye anasema, "Ameanza kukohoa tu." Harufu ya mafuta ya taa imejaa chumbani, lakini mama hasemi. Kwa nini? Kwa sababu mume ameketi pale, au mama mkwe amesimama mlangoni, na swali la kwanza nyumbani litakuwa, "Wewe ulikuwa wapi?" Mama anachagua kuficha ili asipigwe, asirudishwe kwao, asiitwe mzembe. Na sisi tunapoteza muda tukitafuta nimonia au malaria, wakati moyo wa mtoto unaendelea kuchoka.

Mama mpendwa, sema. Omba kuzungumza na muuguzi faragha kama unaogopa. Kazi yetu ni kumwokoa mtoto, siyo kukuhukumu. Na ninyi mnaosoma ukurasa huu mkiwa akina mama wakwe, wifi, au wake wa wachungaji, kumbukeni kwamba maneno yenu ya siku nyingi ndiyo yanayomfanya mwanamke aseme ukweli au auzike. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hupotea machoni kwa muda wa kukoroga ugali. Hakuna mama ambaye halijampata hilo. Nyumba ambayo ajali ikitokea wote husema, "Twende hospitali," ina nafasi kubwa ya kuokoa mtoto kuliko nyumba inayoanza na kesi.

Ukweli unahitajika zaidi pale mtu anapokunywa sumu kwa makusudi. Tusilifiche hili, maana lipo hata katika nyumba zinazosali: binti aliyeshika mimba, kijana aliyefeli mtihani, mfanyakazi wa ndani anayeteswa, mke aliyekata tamaa. Apelekwe hospitali haraka bila masimango. Akipona, akae na mtu anayempenda, azungumze na daktari na mshauri, na kanisa limtembelee kama linavyowatembelea wagonjwa wengine. Mara nyingi uchungu wa namna hii hupanda kwa ghafla na hushuka. Sumu ikiwa imefungwa mbali, saa ile mbaya hupita na mtu anabaki hai. Huko Sri Lanka, serikali ilipopiga marufuku hatua kwa hatua dawa za shambani zenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua nchini vilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 1995 na 2015. Kwa hiyo kufuli kwenye stoo ni tendo la upendo. Na kama wewe unayesoma umekuwa na mawazo hayo, tafadhali mwambie mtu leo, awe dada, mchungaji au muuguzi. Hutakuwa mzigo kwetu.

SALA NA SAFARI YA HOSPITALI

Wako wanaoshika maneno ya mwisho ya Injili ya Marko juu ya kunywa kitu cha kufisha, wakasema mgonjwa aombewe tu nyumbani. Ndugu zetu, Bwana wetu mwenyewe alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu alikataa kumjaribu Mungu. Na Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu. Tuombe, naam, tuombe kwa nguvu zote, lakini tuombe tukiwa ndani ya gari. Kikundi cha maombi kinaweza kukesha nje ya wodi. Na kinaweza kuchanga nauli, maana kwa familia nyingi nauli ndiyo inayochelewesha.

TUPANGE NYUMBA ZETU

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2008 kwamba katika mwaka 2004 pekee zaidi ya watoto na vijana 45,000 wenye umri chini ya miaka 20 walifariki duniani kwa sumu za ghafla. Wengi wao wangeweza kuwa hai. Huko Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba familia zilipogawiwa vyombo vya mafuta ya taa vyenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, visa vya watoto kunywa mafuta hayo vilipungua karibu nusu. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni kifuniko.

Basi tuanze na chupa. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa isitiwe mafuta ya taa, jiki, tina wala dawa ya wadudu, hata kwa usiku mmoja. Mtoto hajui kusoma, anajua umbo la chupa. Ukitumwa dukani kununua mafuta, nenda na dumu lake lililopakwa rangi au kufungwa kitambaa chekundu, na watoto wote wa nyumba wafundishwe maana ya alama hiyo.

Pili, mahali. Sumu isikae chini ya sinki, chini ya kitanda au pembeni mwa jiko. Ikae juu, ndani ya kabati au sanduku lenye kufuli. Bakuli la mafuta ya taa la kuwashia moto lisiachwe sakafuni.

Tatu, vikundi vya sabuni. Kostiki soda ihifadhiwe kwa mtu mmoja aliyekubaliwa, katika chombo kigumu chenye kifuniko na maandishi SUMU. Iandaliwe nje, watoto wakiwa wametengwa. Kostiki ndiyo itiwe kwenye maji, kidogo kidogo. Maji yasimwagwe juu ya kostiki. Masalia yasibaki ndani ya vikombe wala sufuria za kupikia.

Nne, dawa za hospitali. Tusiwaambie watoto kwamba dawa ni peremende ili wakubali kuimeza. Siku nyingine watazitafuta peremende hizo wenyewe.

Tano, tujue njia. Kila mama ajue hospitali iliyo karibu inayofanya kazi usiku, na awe na namba ya simu ya jirani mwenye gari au pikipiki, ikiwa imeandikwa ukutani ambapo hata dada wa kazi anaiona. Dada huyo naye afundishwe yote tuliyoyaeleza hapa, maana saa nyingi za mchana mtoto yuko mikononi mwake.

Katika mkutano wenu wa akina mama wa mwezi huu, tunawaomba mtenge nusu saa. Mwalikeni muuguzi au mganga wa zahanati ya jirani aonyeshe kwa vitendo jinsi ya kulaza mgonjwa na kukandamiza kifua. Kisha kila mmoja arudi nyumbani, apite chumba hadi chumba akiwa amepiga magoti, ili aone vitu vile ambavyo mtoto wake huviona akiwa katika kimo hicho. Chochote chenye sumu atakachokifikia kwa mkono, akihamishe siku hiyo hiyo, kabla ya kulala.